Jinsi ya kuandika sirizi ya stimpanki ya shule ya majasusi, na iwe ya hapa kwetu Uganda

Wenzangu mnaoandikia vijana, hii ni ya yule anayetaka kuandika sirizi ya stimpanki, yaani zile stori za dunia ambayo injini ya mvuke haikushindwa na petroli wala umeme, meli zinapaa angani, gia na springi zinafanya kazi ya kompyuta, na katikati ya hayo yote kuna shule inafundisha watoto ujasusi. Vijana wanapenda hii kitu balaa. Shida ni kwamba nyingi ninazosoma kutoka kwa watu wetu zinaanza London kwenye ukungu, kijana anaitwa Edward, ana miwani ya shaba na kofia ndefu, na mwandishi mwenyewe yuko Mukono na huo ukungu hajawahi kuuvuta hata mara moja. Wacha Edward apumzike. Chuma na mvuke vilifika hapa, na siri zilikuwepo nyingi kuliko chuma.

Kabla hujaandika hata sura moja, kaa na hili kwanza. Mvuke una kelele, jasusi anataka kimya. Injini ya mvuke inahema, inapiga mluzi, inatoa moshi ambao mvuvi aliye mbali ziwani anauona, inamaliza kuni rundo zima, na huwezi kuipiga kiki kama boda ukaondoka, boila ikiwa baridi inataka masaa kadhaa ndo ipate presha ya kusukuma kitu. Sasa mtu anayekimbia usiku atakimbilia wapi na hiyo mashine? Waandishi wengi wanaliruka hili swali, wanaandika tu "akawasha mtambo akapotea gizani", na msomaji wa miaka 14 ambaye amesoma fizikia ya senior two anakucheka. Mimi naona sirizi yote imelala hapo hapo. Kila somo la hiyo shule, kila ugomvi wa mwalimu na mwanafunzi, kila mtego, utoke kwenye huo mvutano wa kitu chenye nguvu kinachopiga kelele na mtu dhaifu anayetakiwa asisikike. Ukishika hilo hutakosa ploti.

Mwaka na mahali

Chagua mwaka halisi, usiandike "zamani za kale za mvuke". Mimi ningechagua 1909 na ningeweka shule visiwa vya Ssese, na sababu si uzuri wa fukwe. Kuanzia mwanzoni mwa karne ya ishirini malale, ule ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o, iliua watu kando ya ziwa, zaidi ya 200,000 Buganda na Busoga, na serikali ya kikoloni chini ya gavana Hesketh Bell ikaamua kuhamisha watu wote waliokaa karibu na maji, wakaanza na ufukweni, mpaka 1909 wakahamisha visiwa pia. Fikiria hiyo hali. Visiwa zaidi ya themanini, nyumba zimebaki na migomba imebaki, hakuna mtu anaruhusiwa kukanyaga. Kama wewe ni mkuu wa shule ya siri utaomba nini kingine? Alafu ona ile shida yetu inavyorudi yenyewe, kisiwa kisicho na mtu hakitakiwi kutoa moshi. Moshi mmoja tu saa nne asubuhi na meli ya serikali inageuza usukani.

Ila ukitumia hiyo historia iheshimu. Watu walikufa, na wengine walihamishwa kwa nguvu wakaacha makaburi ya wazee wao. Mtoto mmoja wa shule awe amezaliwa kwenye kisiwa hicho hicho, analala bweni lililokuwa nyumba ya jajja wake na hajamwambia mtu. Ukimuweka huyo, stori inapata moyo bila wewe kuhubiri.

Meli nazo zipo, hutungi. Ile William Mackinnon ilijengwa Scotland, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa mpaka Mombasa, na vipande vingine vilibebwa na watu kwa mabega kwa sababu reli ilikuwa haijafika, ikaja kuungwa tena Kisumu na kushushwa majini 1900, mwaka huo huo ikafika Entebbe. Na Kisumu yenyewe wakati huo ilihesabiwa ndani ya Uganda, mpaka 1902 ndo mpaka ukasogezwa. Reli ilifika hapo Kisumu Disemba 1901, Kampala ikangoja mpaka 1931. Kwa hiyo wahusika wako wa 1909 wakitoka Kampala kwenda Mombasa wanapanda meli kwanza, wanavuka ziwa, ndo wanakutana na treni. Usiwapandishe treni Kampala, tafadhali, msomaji mmoja mwenye babu aliyefanya kazi reli atakuumbua mbele za watu.

Uongo mmoja tu

Stimpanki inataka uongo mmoja mkubwa, alafu ukweli mwingi unaouzunguka. Watu wanakosea kwa kuweka uongo ishirini, roboti, dragoni wa chuma, bunduki ya radi, mpaka hakuna kinachoshangaza tena.

Uongo ninaoupenda mimi ni huu. Charles Babbage, Mwingereza, aliichora mashine ya kuhesabu tangu miaka ya 1830, ya gia tupu, inapokea maagizo kwa kadi zenye matundu, mwendo wake ulitakiwa utoke kwenye mvuke. Ada Lovelace aliandika maelezo ya hiyo mashine 1843, na yale maelezo mpaka leo watu wa kompyuta wanayataja. Babbage alikufa 1871 bila kuimaliza. Sasa wewe sema mtu aliimaliza kwa siri, ikafungwa kwenye makasha, na makasha yakachanganyika na makasha ya vipande vya meli pale Mombasa. Mapagazi wakabeba. Kisumu mafundi wakaunga meli, wakabaki na vyuma ambavyo haviingii popote, wakavisukuma stoo. Mtu mmoja mwerevu akavitambua. Hapo umepata shule, umepata sababu ya shule, na umepata sababu ya kila mtu kuitafuta. Mashine ya kuvunja barua za siri iko kisiwani, inataka mvuke ili izunguke, na mvuke unataka moto.

Kadi zenye matundu watoto watazitoa wapi? Bati za debe la mafuta ya taa, zimekatwa, zimetobolewa kwa msumari. Hiyo ndo jua kali na msomaji wako anaielewa bila maelezo. Ukitaka kuandika mikono ya fundi vizuri nenda Katwe, mtaa wa mafundi chuma pale Kampala, siku nzima, kaa pembeni, angalia wanavyokunja chuma na kuchomelea mashine za kusaga posho, sikiliza wanavyoitana na kutukanana, angalia nani anashika nyundo na nani anatumwa chai. Jinja kuna makumbusho ya reli kwenye stesheni ya zamani, pia ni pazuri kupita.

Mashine zako zitii sheria

Hapa nitakaa kidogo manake ndo watu wanaharibu.

Maji yakigeuka mvuke yanataka nafasi kama mara 1,600 ya ile yaliyokuwa nayo, hiyo ndo nguvu na hiyo ndo hatari. Boila inalipuka hasa maji yakishuka chini ya kiwango, ule mfuniko wa juu ya moto unabaki mkavu, chuma kinalainika, kwisha. Ndo maana mafundi waliweka plagi yenye risasi, ile metali, pale juu ya moto, maji yakipungua risasi inayeyuka, mvuke unashuka na kupooza moto na kila mtu anajua kuna tatizo. Sasa jiulize, adui akiingia shuleni usiku akabadilisha hiyo plagi akaweka ya chuma kitupu itakuwaje? Hakuna mlipuko leo wala kesho. Kila kitu kinaenda sawa mpaka siku mtoto wa zamu atakaposinzia. Hiyo ni sura tatu nzima na hujatumia bunduki hata moja.

Kuni pia. Hapa kwetu injini nyingi zilikula kuni, na kuni mbichi zinatoa moshi mzito, kuni kavu zinatoa kidogo, usiku moshi hauonekani lakini cheche zinaonekana. Kwa hiyo somo la kwanza kabisa la form ya kwanza pale shuleni liwe kuchagua kuni. Watoto walikuja wakidhani watafundishwa kuua mtu kwa mwavuli, wanapewa panga na kupelekwa porini wiki mbili. Utacheka na utaamini.

Alafu kuna kitu halisi ambacho stimpanki nyingi hawakijui, injini ya mvuke isiyo na moto. Zilikuwepo tangu miaka ya 1870. Ina tangi kubwa tu badala ya boila, unaijaza maji ya moto na mvuke wa presha kutoka boila iliyokaa mahali pamoja, unafunga, inaondoka yenyewe bila moshi na bila cheche, walizitumia kwenye viwanda vya baruti ambako cheche moja ni kifo. Ubaya wake inaenda mpaka presha iishe, baada ya hapo ni debe. Unaona dhahabu hiyo? Mtumbwi wa siri usio na moto unatoka kisiwani saa sita usiku, una presha ya kufika Entebbe lakini kurudi hakuna. Wanafunzi lazima waamue kabla ya kuondoka nani atarudi vipi.

Kwa vitu vidogo tumia springi za saa. Springi ni kimya, haitaki moto, inakaa mfukoni, inaisha haraka. Kwa hiyo kazi kubwa ni mvuke, kazi ya siri ni springi, na mtoto anayejua kuunganisha hivyo viwili ndo shujaa wako. Ukifika kwenye meli ya angani mambo ya kitambaa yafikirie pia, mtu mmoja alinionyesha stori yenye puto la mbugo, wazo tamu kweli, gome la mutuba limegongwa na nyundo mpaka likawa nguo, lakini mbugo inapitisha hewa. Ipake utomvu wa mpira ndani, andika watoto wakiupika na kuupaka wiki nzima mikono ikiwanata, hapo nitakubali.

Masomo ya shule, na hapa ndo msomaji anashiriki

Kijana akisoma stori ya majasusi anataka kufanya mwenyewe. Mpe kitu kinachofanya kazi kweli.

Anza na ile ya kusogeza herufi. Chukua alfabeti yetu bila Q na X, zinabaki 24, sogeza kila herufi hatua tatu mbele, A inakuwa D, B inakuwa E, mpaka mwisho unazunguka kurudi mwanzo. MELI INAKUJA USIKU inageuka PHOL LRDNYMD YVLNY. Inaonekana ngumu eh? Sasa mwalimu anaingia darasani anaivunja kabla hajaketi, kwa nini? Kwa sababu karibu kila neno la Kiswahili linaisha na irabu, na Luganda ni hivyo hivyo. Angalia mwisho wa maneno matatu, L, D, Y, hizo lazima ziwe kati ya A E I O U, na D imerudi ndani ya neno la pili kwa hiyo jaribu A kwanza, mlango umefunguka. Mwingereza hawezi kukupa somo hilo, Kiingereza kinaisha na herufi yoyote. Hii ni silaha ya watoto wako, wanavunja barua za Kiswahili za adui haraka kuliko makachero wa London, na pia ni udhaifu wao, barua zao wenyewe ziko uchi.

So somo la pili, ondoa nafasi kati ya maneno, andika herufi tano tano kama watu wa telegrafu, PHOLL RDNYM DYVLN, ile Y inayobaki ijaziwe herufi nne za bure. Bado irabu zinajionyesha maana zinapishana na konsonanti, lakini umemchelewesha mtu.

Somo la tatu ni neno la ufunguo. Chukua neno, tuseme KATO, andika juu ya ujumbe tena na tena, kila herufi ya ufunguo inasema usogeze hatua ngapi, A ni sifuri, B ni moja, unaendelea. MELI na KATO inakuwa YEFY. Cheki hiyo Y, ya kwanza ni M na ya mwisho ni I, ile mbinu ya kuangalia mwisho wa neno imekufa. Ulaya walidhani hii haivunjiki, mpaka miaka ya 1850 huyo huyo Babbage wa mashine akaivunja kimya kimya. Kwa hiyo mashine iliyoko kisiwani inaijua. Kila kitu kinafungana, ona.

Wino usioonekana usiuchezee tu kama mapambo. Maji ya limau kwenye karatasi, yakikauka hayaonekani, ukipasha joto maandishi yanatoka rangi ya kahawia. Mwaka 1915 Waingereza walimpiga risasi jasusi wa Wajerumani, Carl Muller, na limau alilokutwa nalo lilikuwa sehemu ya ushahidi. Kwenye shule yako joto litoke wapi? Pasi ya makaa ya metroni. Mtoto anajitolea kila Jumamosi kupiga pasi kanzu za walimu na kila mtu anamsifu kwa adabu.

Kuhusu ngoma nenda taratibu. Buganda kila ukoo una omubala wake, mdundo wake na maneno yake, na Gwanga mujje ikipigwa watu wanajua wanaitwa. Ngoma inaweza kumtambulisha mtu kutoka mbali bila kumwona, hiyo ni zawadi kwa mwandishi wa ujasusi, lakini uliza wazee wa ukoo husika kabla hujabuni mdundo, kuna vitu si vya kuchezea. Vioo vya jua, vile vya kutuma ujumbe kwa kumulika mwanga, nimevipenda zaidi, kioo kidogo juu ya kilima hewa ikiwa safi kinaonekana kilomita hamsini huko, majeshi ya Uingereza yalivitumia sana wakati huo, na ziwani wingu likikaa tu mbele ya jua ujumbe umekatika katikati. Katikati ya neno gani? Hapo ndo unamaliza sura.

Watoto wenyewe

Watano wanatosha, na wasiwe watano wa kabila moja. Mtoto wa Kinubi, wale askari wa Sudan waliokuwa na Emin Pasha, gavana wa Misri kule kusini mwa Sudan, na kapteni Mwingereza Lugard akawaleta 1891, anajua bunduki na anajua kunyamaza. Mtoto wa fundi Mhindi, watu zaidi ya 30,000 waliletwa kujenga reli na wengine hawakurudi kwao. Mtoto wa familia ya wafanyabiashara wa Kiswahili, wale walioingia Buganda tangu miaka ya 1840 enzi za Kabaka Suuna, huyu ndo anajua kila njia na kila bei. Msamia wa huko Busia mwenye mitumbwi. Na Muganda mmoja. Lugha yao ya pamoja ni nini? Kiswahili, tena kila mmoja na chake, Mnubi anakivunja, Mpwani anawasahihisha mpaka wanataka kumtupa ziwani. Hapo dayalogi inajiandika. Usiwafanye wote waongee kama taarifa ya habari.

Majina yana kazi. Akija mwanafunzi mpya anasema anaitwa Kato na hana ndugu, Muganda yeyote mezani atanyanyua kichwa, manake Kato ni pacha wa pili, Wasswa yuko wapi? Kwa wasichana ni Babirye na Nakato hivyo hivyo. Jasusi wa kizungu aliyempa mtoto jina la bandia bila kuuliza ameharibu kazi yote kwa silabi mbili. Ama mgeuzie msomaji, huyo Kato kweli ana Wasswa na Wasswa yuko upande wa pili.

Adabu pia ni zana. Msichana wa Kiganda anapiga magoti kumsalimia mkubwa. Wazungu kwenye veranda wanaona unyenyekevu, wanaendelea na mazungumzo yao kama hayupo. Yeye akiwa pale chini anaona viatu vina udongo mwekundu wa bara wakati mzee anasema ametoka ziwani, anaona kilichobandikwa chini ya meza. Nawaomba hii msiitupe ovyo sura ya kwanza, itunzeni mpaka msomaji awe amezoea kumwona akipiga magoti na yeye pia haoni chochote.

Maisha ya bweni unayajua mwenyewe. Sanduku la bati na kufuli, posho na maharage yenye wadudu, prefekti anayependelea, prepu usiku, mtu anayeficha karanga. Shule ya majasusi yenye prefekti ni kichekesho cha bure, kila mtu pale amefundishwa kufungua kufuli kwa hiyo hakuna kitu kinaibiwa, ukikuta chako hakipo ujue kuna ujumbe.

Shule ni ya nani

Hili ndo swali watu wanaliogopa na ndo linafanya kitabu kisiwe cha kitoto. 1909 Mwanga, aliyekuwa Kabaka wa Buganda, amekufa uhamishoni Seychelles tangu 1903, Kabalega, aliyekuwa mfalme wa Bunyoro, bado yuko huko. Kiti cha Buganda kinakaliwa na Daudi Chwa, amezaliwa 1896, akawekwa akiwa na mwaka mmoja, wakubwa wanatawala kwa jina lake. Yaani Kabaka ana miaka 13, rika moja na wanafunzi wako! Usimtie maneno mdomoni, mwache mbali, apite tu kwenye gari la farasi mtoto mmoja amtazame. Lakini shule inamfanyia nani kazi? Waingereza wanalipa kuni. Mwalimu mmoja anaandikia barua mtu wa Bunyoro. Mkuu wa shule anasema "tunalinda amani" na hasemi ya nani. Watoto wakubaliane kutokukubaliana, na wewe usiharakishe jibu, kitabu cha kwanza kiishe wakiwa wamejua tu kwamba waliambiwa uongo.

Kupanga sirizi

Sirizi nyingi zinakufa kitabu cha pili kwa sababu mwandishi alimaliza kila kitu kwenye cha kwanza. Funga kila kitabu na tukio la kweli na njia mpya ya safari. Mfano wangu, cha kwanza 1909, kisiwa. Cha pili 1912, reli ya Busoga inafunguliwa kutoka Jinja mpaka Namasagali, karibu kilomita 100, ili kubeba pamba, na pale Namasagali unapanda meli ya Ziwa Kyoga mpaka Masindi Port. Mzigo unabadilisha chombo kila mara, na kila bandari ni nafasi ya mtu kubadilisha kasha. Na majengo ya bandari na reli ya Namasagali kweli yaligeuka shule baadaye, hiyo sijatunga, nenda ukaangalie.

Cha tatu, Vita vya Kwanza vya Dunia vimeanza, mapigano yako mto Kagera, na kule Ziwa Tanganyika Wajerumani wanaunga meli yao Graf von Götzen iliyoletwa kwa makasha kutoka Papenburg, ikashushwa majini 1915. 1916 waliizamisha wenyewe ili isishikwe, lakini kabla ya hapo mafundi waliipaka injini grisi nene ili siku moja iamke. Iliamka kweli, iliibuliwa 1924, ndo Liemba ya Kigoma. Fundi anayepaka grisi injini anayokwenda kuizamisha, jamani, mpeni huyo mtu sura nzima.

Cha nne, Novemba 1917, Wajerumani wanatuma meli ya angani L59 kutoka Bulgaria ipeleke dawa na risasi kwa jeshi lao Afrika Mashariki. Safari ya kwenda tu, ikifika ingefunguliwa na kitambaa chake kishonwe mahema. Ilifika anga ya Sudan ikapokea amri kwa redio irudi, ikageuka, jumla masaa 95 angani. Nani alituma ile amri, kwenye stori yako? Watoto watano walioanza na kuchagua kuni wako na miaka 20 na kitu sasa. Mimi nisingekuwa na kitabu cha tano.

Kuandika kwenyewe

Sura fupi, zinazosomeka kwenye simu mtu akiwa kwenye foleni ya Jinja Road. Andika kwanza sura ya mashine kuharibika, si ya mashine kufanya kazi, ndo utajua kama unaielewa. Maelezo ya kiufundi yatoke kwenye mdomo wa mtu mwenye haraka, "funga hiyo vali, si hiyo, ile nyingine!", kurasa mbili za maelezo ya boila hazisomwi na mtu hata ukiziandika kwa wino wa limau. Maneno ya Luganda, Kisamia, Kinubi yaweke bila kuyaeleza kama muktadha unabeba, usiandike kamusi chini ya ukurasa.

Weka fumbo moja la kweli mwisho wa kila sura, kwa ile alfabeti ya 24, na jibu lake liwe ni kitu ambacho msomaji asiyelivunja atakijua sura mbili baadaye. Wale waliovunja watatembea wamevimba kichwa, hao ndo watakutafutia wasomaji wengine. Ila yajaribu mwenyewe kwa mkono, herufi moja ikikosewa wataituma kwenye kila grupu la WhatsApp.

Kuprinti, Nasser Road pale Kampala watakutengenezea nakala chache kwa bei ya kuongea, waombe karatasi isiyopitisha wino, na cha kuchekesha ni mtaa mzuri pia wa kufanyia utafiti wa kitabu cha ujasusi, maana unasifika kwa hati feki, mniache hapo. Kabla ya hapo toa sura tatu fotokopi, wape vijana wa senior one na two, si marafiki zako wa chuo. Usiwaulize kama imewapendeza, watasema ndiyo kwa adabu. Waambie wachore mstari pale walipoanza kuruka, alafu chukua kalamu ukate kuanzia hapo.